Ada ililipwa, Jumamosi nililipa mwenyewe

Swali lenu la wiki hii linauliza kama cheti cha ufundi wa viwandani kutoka chuo cha jamii hapa Marekani kinarudisha gharama yake. Mimi nilisomea ukerezaji wa chuma kwa mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, Dayton, Ohio, mihula miwili, huku nafanya kazi ghalani. Changu kimerudisha. Ila kila anayeniuliza habari zake huanza na ada, na ada ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote.

Ada ililipwa na Pell, fedha ambazo serikali kuu humpa mwanafunzi wa kipato kidogo na hazirudishwi. Mwaka wangu wa masomo, 2023-24, kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na sisi tuliofika kwa karatasi za ukimbizi, mimi nikitokea kambi ya Nyarugusu, tulistahili sawa na wenyeji. Jihadhari na jambo moja: Pell ina kikomo cha mihula 12 kwa maisha yako yote. Ukiila kwenye vyeti vya kujaribujaribu, siku ukitaka digrii utaikuta imepungua.

Sasa Jumamosi. Nadharia ilikuwa jioni mbili kwa wiki, lakini karakana ilikuwa Jumamosi kutwa. Ghalani nilikuwa nalipwa dola 18 kwa saa, na Jumamosi ni ovataimu, yaani 27. Saa nane ni dola 216. Kwa wiki 32 za masomo, dola 6,912. Hizo hakuna aliyenifidia. Weka na kalipa na mikromita (vyombo vya kupimia unene), vitabu na viatu vya ncha ya chuma, kama dola 400. Petroli sikuiandika. Mke wangu anasema hata yeye sikumwandika: watoto watatu, Jumamosi nzima, peke yake. Ana haki.

Nilikua natengeneza baiskeli kambini, kwa hiyo niliingia darasani nikidhani chuma nakijua. Kule kipimo kilikuwa jicho na nyundo. Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa pini ya chuma, kipenyo inchi 0.750, ruhusa ya kuzidi au kupungua elfu moja tu ya inchi, yaani inchi 0.001. Yangu ilitoka 0.748, nikampelekea mwalimu natabasamu. Akaipima, akaidondosha kwenye pipa la chakavu, akaendelea na mwingine. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu elfu nne za inchi. Mimi pini yangu ilikosa nusu ya karatasi. Halafu mimi ni mtu wa milimita. Wiki za mwanzo inchi nilizihesabu kama mgeni anavyohesabu chenji sokoni. (Nilijifariji kwamba Dayton ni mji wa ndugu Wright, nao walikuwa na duka la baiskeli, na injini ya ndege yao ya 1903 iliundwa humo na fundi wao Charlie Taylor.)

Kiwanda cha kwanza kilichonichukua kilinipa dola 19.50. Kazi: fungua mlango wa mashine, weka kipande, bonyeza kitufe cha kijani, toa kipande. Hiyo mtu hufundishwa asubuhi moja akaijua. Msimamizi hakunificha: cheti changu hakikuongeza hata senti, kila mtu pale anaanzia hapo. Nikakaa miezi mitano, nikiona G-code niliyoisomea, yaani maagizo yanayoiongoza mashine, inapita kwenye kioo na hairuhusiwi kuguswa.

Cha pili ni karakana ndogo, watu kumi na wawili. Cheti walikitazama kama risiti. Walichotaka kuona ni sifa za NIMS, taasisi ya Marekani inayothibitisha ujuzi wa ufundi chuma, kwa sababu zile huzipati kwa kukaa darasani: unakereza kipande, kinakaguliwa kipimo kwa kipimo, ndipo unafanya mtihani. Kisha wakanipa mchoro na mikromita. Leo naseti mashine: nafunga zana, natafuta sifuri ya kipande, yaani pale vipimo vyake vinapoanzia, nasoma programu kabla haijagonga kitu cha maelfu ya dola. Nilianza kwa dola 23. Ukilinganisha na ghala ni dola 200 zaidi kwa wiki, kwa hiyo dola 7,312 zangu zilirudi baada ya wiki 37 hivi, ukiacha ile miezi ya kitufe. Wenzangu wawili wa darasa lile bado wanabonyeza, kwa cheti kilekile.

Ndiyo maana nasema bei isiulizwe chuoni, iulizwe karakana. Na ukipata uanagenzi, ambapo kiwanda kinakulipa huku unajifunza, usipoteze muda kusoma barua yangu, chukua.

Mdogo wangu wa kike anataka kujiandikisha muhula ujao. Nilimtuma kwanza azungukie karakana tatu zilizo kwenye njia ya basi lake, aulize nani anaseti na alijifunzia wapi. Amekwenda mbili. Kwenye moja walimwambia makaratasi hawayaangalii, wanampima mtu palepale kwa mikromita. Akarudi akanyang'anya yangu. Sasa anapima kila kitu kilichomo jikoni, na jana usiku alinipigia simu kuniambia unywele wake ni elfu tatu kasoro za inchi.