Maswali yenu: injini za mfano za treni za mvuke, za reli nyembamba

*Mvuke wake ni wa kweli, au ni moshi wa mapambo?*

Wa kweli kabisa. Ndani mna boila ya shaba, maji yanachemka, mvuke unasukuma pistoni. Nyingi huwaka kwa gesi ya butani. Ukishajaza mafuta ya kulainishia, maji na gesi, fungulia gesi kidogo tu, kisha weka kiberiti kinachowaka juu ya dohani. Utasikia "pu!": moto umerudi ndani kwenye bana, yaani kichomeo cha gesi. Baada ya dakika chache mshale wa geji ya shinikizo unaanza kupanda. Nyingi hufanya kazi kwa shinikizo la karibu baa 3. Mwanzoni hutema maji ya moto na mafuta kupitia dohani, kwa hiyo usiiinamie.

*Nitie maji ya betri?*

Usithubutu. Chupa yenye jina hilo madukani kwetu yaweza kuwa na asidi. Maji ya chumvichumvi nayo huacha ukoko ndani ya boila, na boila haisuguliki kama sufuria. Kinga maji ya mvua, yachuje, basi.

*Kikopo cha mafuta nakijaza, injini ikizunguka kidogo nakikuta kimejaa maji. Kinavuja?*

Hakivuji, ndivyo kinavyofanya kazi, na mimi hukipenda kuliko kifaa kingine chochote humo. Mvuke kidogo huingia kikoponi, hupoa na kuwa maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama na kuyapandisha mafuta, nayo hutoka kidogo kidogo yakifuata mvuke hadi kwenye silinda. Kabla ya kujaza tena, yafyonze maji yote kwa bomba la sindano. Tumia mafuta mazito ya injini za mvuke. Oili ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

*Mwanangu wa miaka tisa aendeshe?*

Aendeshe, ukiwa kando yake. Kujaza gesi, tena mbali na moto wowote, na kuwasha ni kazi yako.

*Nataka mfano wa Garratt, ile injini ndefu ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu, ya East African Railways. Ninunue reli yenye upana wa milimita 32?*

Hapana. Hiyo 32 ni mazoea ya Waingereza: kwa kipimo cha 1:19, yaani mfano ulio mdogo mara 19 kuliko kitu halisi, inawakilisha reli zenye upana wa takriban futi mbili, kama ile ya Ffestiniog kule Wales, iliyoanza kutumia mvuke mwaka 1863. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, na kwa kipimo cha 1:22.5 inaangukia vizuri kwenye milimita 45. Ila pima uwanja wako kwanza. Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na kampuni ya Kiingereza ya Beyer Peacock miaka ya 1950, zina urefu unaozidi mita 31. Mojawapo, Mount Gelai, imo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kwa kipimo hicho mfano wake unafika mita 1.4, na utadai kona pana sana. Ningekuwa wewe ningeanza na kainjini ka magurudumu manne.