Jibu: Wabunge wanawezaje kuchora upya mipaka ya mahakama?

Mkuu, umeuliza inakuwaje wabunge wa jimbo Marekani wahamishe mipaka ya mahakama. Tofauti na kwetu, majimbo mengi kule majaji na waendesha mashtaka wa wilaya hupigiwa kura. Ukisogeza mstari, umebadilisha wapiga kura.

Tazama North Carolina. Mwaka 2017 Justin Burr, mbunge wa Republican, alileta muswada wa kuchora upya wilaya za majaji na za waendesha mashtaka. Bunge likafuta pia kura za mchujo za majaji za 2018 (ambapo kila chama huchuja wagombea wake kabla ya uchaguzi), na veto (kura ya turufu) ya Gavana Roy Cooper ikapinduliwa. Kilichofuata kinachekesha: bila mchujo, Warepublican wawili waligawana kura za Mahakama ya Juu ya jimbo, Anita Earls wa Democratic akapita.

Kuhusu usawa wa idadi ya watu, tangu kesi ya Wells dhidi ya Edwards, 1973, kanuni ya mtu mmoja kura moja haizibani wilaya za majaji. Hapo ndipo wachoraji hupata nafasi. Ubaguzi wa rangi ni jambo jingine: kesi ya Chisom, 1991, ilisema Sheria ya Haki za Kupiga Kura inawahusu hata majaji.