Uliza Tukujibu: Yule Mjerumani wa ovaroli alifikaje kwenye tivii?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ndanda, Masasi. Kuna mgeni wa Kijerumani alitutembelea akatuonyesha kwenye laptop kipindi cha mzee mmoja anaitwa Peter Lustig, kavaa ovaroli ya jinzi na miwani ya duara, anakaa kwenye trela la bluu, anafungua fungua vitu huku anawaelezea watoto. Wanafunzi wangu Kijerumani hawajui hata neno moja ila walitulia mpaka mwisho. Huyu mzee alianzia wapi? Mana na mimi natamani kipindi cha watoto redioni lakini naambiwa sina sauti ya utangazaji.

JIBU: Marahaba mwalimu. Waache waseme, mana huyo mzee mwenyewe alitokea kwenye ufundi. Alizaliwa 1937 Breslau, mji ambao leo uko Poland unaitwa Wrocław, akajifunza ufundi wa redio, akawa mtu wa kurekodi sauti Berlin kwenye redio ya wanajeshi wa Marekani. Ile hotuba maarufu ya Rais Kennedy pale Berlin, Juni 1963, yeye alikuwepo kazini anarekodi. Yani miaka mingi kazi yake ni kusikiliza wenzake wanaongea, na mi naamini hapo ndo alipojifunza kuongea na mtoto bila kumpigia kelele wala kumbania sauti ya kitoto.

Baadae akaonekana kwenye Die Sendung mit der Maus, kipindi cha watoto kilichoanza 1971 na mpaka leo kipo hewani, halafu 1979 kituo cha ZDF kikampa kipindi chake, kwanza kiliitwa Pusteblume, kuanzia 1981 kikaitwa Löwenzahn. Miaka ya 80 aliugua kansa ya mapafu, akatibiwa akarudi kazini, akaendelea mpaka miaka ya 2000 afya ilipokataa kabisa, ndo akaingia Guido Hammesfahr. Mzee akafariki Februari 2016 ana miaka 78.

Sasa mwalimu, angalia alivyofanya kazi. Hakuja na jibu mkononi, alikuja na swali, kitu kinatokaje huko kinakotoka mpaka kinafika hapa, anajaribu, kinaharibika, jirani yake Paschulke anakuja kulalamika, anajaribu tena, mtoto anafuata hatua kwa hatua. Wewe huko umezungukwa na vitu vya hivyo. Chukua korosho tu. Watoto wa Masasi wanakula mabibo tangu wanajua kutembea lakini waulize kwa nini mtu habangui korosho mbichi kwa meno, wachache watakuambia kwamba ndani ya ganda kuna mafuta meusi yanayochubua ngozi, na ndo mana mama anayebangua anapaka majivu mikononi, na ukikaanga kwenye debe yale mafuta yanashika moto, unasikia yanavyopasuka pa! pa! Hiyo sauti ndo kipindi chenyewe. Weka simu karibu na debe (sio karibu sana, isiungue), rekodi, halafu muulize mama anayebangua kwa maneno yake mwenyewe, wewe ongea kidogo.

Ukimaliza korosho nenda Tendaguru, huko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria pale, wachimbaji na wapagazi wetu ndo walioibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, na leo mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Watoto wa Kijerumani wanamjua vizuri. Wa kwetu wamsikie kutoka kwako, na wasikie habari za hao waliobeba, mi hilo linaniuma sana kwamba hatulisemi.

Peleka vipindi vitatu vilivyokamilika kwa redio ya jamii iliyo karibu nawe, wakikusikia unafanya kazi ndo watakupa muda, barua ya kuomba peke yake inakaa kabatini.

SWALI: Hujambo mwanangu. Nipo Lindi mjini nalea wajukuu. Nimesikia huyo Mjerumani mwishoni alikuwa anawaambia watoto wazime tivii, ni kweli? Huku kwangu wanaangalia katuni mpaka usiku.

JIBU: Shikamoo mama. Ni kweli kabisa, ilikuwa ndo kuaga kwake, kipindi kimeisha, zimeni. Alitaka mtoto atoke nje akajaribu alichokiona. Kwa hiyo mama usizime tu ukawaacha wamekaa, watakuchukia bure, zima halafu wape kazi inayofanana na walichoona. Kama wameona samaki kwenye katuni, kesho asubuhi nenda nao feri mitumbwi ikirudi, wamfungue pweza mmoja wahesabu mikono, wamuulize mvuvi alimtoaje shimoni. Na wewe mama waambie unavyomlainisha kabla ya kumpika, hilo hakuna katuni itakayowaonyesha.