Koki za matangi ya upepo kwenye M923A2: usizipeleke kwenye valvu moja

Mkuu, umesema koki za kutolea maji chini ya matangi ya upepo ya lori lako la kijeshi, M923A2, zimeshika kutu, umechoka kulala kwenye tope kila jioni, na sasa unataka kuvuta bomba kutoka kila tangi hadi kwenye valvu moja pembeni ya chesisi. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye lori langu la aina hiyo, na kazi yote nikaja kuibomoa.

Malori ya M939, familia ambayo M923A2 imo, yaliachana na breki za upepo na mafuta za malori ya M809 yaliyoyatangulia, yakawa ya upepo mtupu. Matangi yake yametenganishwa kwa valvu za njia moja ili upande mmoja ukivuja, mwingine ubaki na upepo wa kusimamishia gari. Ukikusanya mabomba yote kwenye valvu moja, umeshachimba njia ya pembeni inayozikwepa zile valvu. Bomba moja likipasuka, matangi yote yanaisha pamoja. Kama lazima uyalete pembeni, kila tangi liwe na bomba lake na valvu yake.

Hata hivyo bomba la kupanda juu kutoka chini ya tangi hadi pembeni silipendi. Mafuta yanayopita kwenye ringi za kompresa, yaani pampu ya upepo, huchanganyika na maji na kutu, yakawa uji unaoganda kwenye kona. Langu liliziba taratibu. Nikifungua nasikia upepo mwembamba, hakuna maji, nikaridhika kwamba tangi ni kavu. Siku nilipofungua tangi lenyewe yalimwagika maji mazito ya kijivu, mengi mno.

Nilichobaki nacho ni valvu ya kuvuta kwa waya, ile yenye springi inayojifunga yenyewe. Inakaa palepale chini ya tangi, kinachosogea pembeni ni waya tu. Kwangu nyuzi za kufungia valvu kwenye tangi zilikuwa za bomba za robo inchi. Pima zako kabla ya kununua. Tumia dawa ya nyuzi ya majimaji badala ya tepu, maana vipande vya tepu huingia kwenye valvu.

Waya nao una mambo yake. Mwanzoni niliacha pete ikining'inia nje ya chesisi. Porini tawi likaikamata likaivuta, king'ora kikalia, geji iko psi 60, nami niko kwenye mteremko. Tangu hapo pete inakaa ndani ya reli ya chesisi, waya unapita kwenye tundu lenye mpira, na umelegea kidogo ili chesisi ikijipinda usivutike. Kama koki inatokeza chini kuliko kitu kingine chochote, weka kipande cha chuma mbele yake. Jiwe moja linatosha kuikata.

Sasa kung'oa hizo zilizoshika kutu, na hapa nakuomba sana uwe makini. Weka kabari kwenye tairi kwanza. Usitegemee springi za breki za nyuma, zile zinazoshika breki upepo ukiisha, kwani malori haya ya zamani mengine yalivutwa springi zikiwa zimefungwa kwa bolti zisishike, na hakuna aliyezifungua. Kanyaga pedali hadi upepo uishe. Koki ikifunguka bila kutoa kitu, usidhani tangi ni tupu: huenda imezibwa na ule uji huku tangi limejaa, na geji haikuonyeshi kila tangi. Legeza nusu mzunguko, subiri, uso ukiwa pembeni na miwani machoni. Shika kitako cha koki kwa spana ya pili, la sivyo utapasua weldi ya tangi.

Kutoa maji, anza na tangi la kwanza baada ya kompresa, maana ndilo linalopokea upepo wa moto na maji mengi hubaki humo. Fanya mwisho wa siku upepo ukiwa bado umejaa, ufungue kidogo tu. Maji safi ni ya kawaida. Yakija na mafuta mengi kila siku, kagua kompresa kabla hujahangaika na koki, hasa kwa kuwa A2 yako inajaza tairi kwa upepo huohuo na uchafu utafika huko pia.