Kwa nini tujinyime ilhali Yesu alishalipa?

Dada, umeuliza kama kufunga Kwaresima si kumwambia Yesu msalaba wake haukutosha. La, hatumlipi mtu deni. Msamaha ni neema tupu. Kinachobaki ni mazoea ya dhambi, nayo hayang'oki kwa siku moja. Paulo, mhubiri wa neema, ndiye aliyesema anautesa mwili wake na kuutumikisha (1 Kor 9:27).

Sheria yenyewe ya Kanisa Katoliki ni nyepesi: mlo mmoja kamili Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama tangu miaka 14. Tena sisi wa Mombasa tunaichezea. Ijumaa unaacha mishkaki, halafu unakaa na samaki changu wa kupaka, tui limekolea, na wali wa nazi pembeni. Sheria umeitimiza, haya, lakini umejinyima nini hapo?

Mimi niliacha mahamri ya asubuhi. Siku ya tatu nikapita pale kituoni yakitolewa karaini yamevimba, harufu ya iliki ikanifuata hadi ndani ya matatu, nikamfokea konda kwa shilingi kumi. Sikujua hasira yangu inakaa karibu hivyo na tumbo! Hiyo ndiyo niliyokwenda kuiungama. Pesa ya mahamri inaingia kwenye kopo la sadaka, maana Isaya 58 haitambui mfungo usiomgawia mwenye njaa chakula.

Na kwa vile umesema una vidonda vya tumbo, wewe usifunge. Muulize padre wako, atakupa kitubio kingine.