Tiketi za The Lion King: usilipe kwenye huo ukurasa

Dada, wewe unayetaka kuwapeleka watoto kwenye The Lion King, lile onyesho la muziki la jukwaani, kabla ya lolote lingine: usilipe. Ukurasa uliotuwekea picha yake ni wa walanguzi, ukumbi hauhusiki nao hata kidogo. Umesema tiketi sita ziko kwenye kikapu, saa ya kuhesabu dakika inakimbia, na unataka tukwambie habari za mavazi, maegesho, chakula na kama mtoto wa miaka mitatu ataingia. Hiyo saa iache ifike sifuri. Imewekwa hapo ili uogope, na ukiufungua ukurasa upya itaanza kuhesabu tena.

Itazame vizuri picha yako. Kwenye anwani jina la ukumbi limo, limebandikwa pamoja na neno la tiketi, ndiyo maana ukaamini umefika kwao. Shuka hadi chini kabisa, kwenye herufi ndogo za kijivu: wameandika wenyewe kwamba wao ni soko la kuuza tiketi upya na kwamba bei inaweza kuzidi ile iliyochapishwa. Kile kialama cha kufuli kando ya anwani kisikutulize. Kinamaanisha tu kwamba mawasiliano yako hayasomwi njiani, na mlanguzi naye anacho. Wala kutokea wa kwanza kwenye Google si ushahidi, maana nafasi za juu hulipiwa kama tangazo lolote.

Sasa tazama hivyo viti. Umeoneshwa eneo na safu, namba za viti hakuna. Mara nyingi maana yake ni kwamba muuzaji hana tiketi bado. Anapokea pesa yako leo, halafu anaingia sokoni kutafuta viti vya bei ndogo kuliko uliyolipa. Akivikosa, unaandikiwa barua pepe siku mbili kabla ya onyesho. Na hayo maneno "viti pamoja" hayana maana mnayoidhania: tiketi sita zinaweza kuwa tatu safu moja na tatu nyuma yake, mkamtenganisha bibi na wajukuu gizani.

Mlangoni ndiko kwenye maumivu makubwa zaidi. Msimbo mmoja wa tiketi ukiuzwa kwa watu wawili, anayefika kwanza anaingia na wa pili anabaki nje na watoto waliovaa nguo za sikukuu. Unakimbilia dirisha la tiketi, unatoa kitambulisho, jina lako halimo, kwa sababu kwenye kumbukumbu zao mnunuzi ni mtu mwingine kabisa. Wanakuhurumia, lakini hawana la kufanya. Likija dhoruba la theluji, malori ya mapambo ya jukwaa yakakwama na onyesho likasogezwa, taarifa na marejesho ya pesa vinakwenda kwa yule mnunuzi wa kwanza. Wewe utabaki kubishana na mlanguzi kwa barua pepe.

Na wale wa makundi ya WhatsApp wanaorusha viungo na kuandika "wahini zinaisha", mnatuumiza. Hamjafungua hata ramani ya viti ya ukumbi kuona zimebaki ngapi. Anayesema "tiketi ni tiketi tu" hajasimama na mtoto analia mbele ya mashine ya kukagua tiketi iliyowaka nyekundu.

Kanuni ni moja: tiketi inunuliwe kwa ukumbi wenyewe, na anwani uiandike kwa vidole vyako. Anza na lionking.com, fungua ukurasa wa ziara, yaani onyesho linapozunguka miji, chagua mji, utapelekwa kwa muuzaji halali wa mji huo. Kwenu Minneapolis, Marekani, ukumbi ni Orpheum ulioko barabara ya Hennepin Avenue, chini ya shirika la Hennepin Arts. Ni jengo lilelile ambamo onyesho hili lilioneshwa mara ya kwanza Julai 1997, kabla ya kufunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, Novemba mwaka huohuo. Ukiweza nenda dirishani kwa miguu, kwa sababu kumbi nyingi hupunguza au huondoa ada ya huduma ukinunua pale. Jumanne na Jumatano usiku bei huwa chini kuliko Jumamosi.

Ukikuta viti vizuri vimekwisha, usirudi kwa walanguzi. Maonyesho ya ziara hushikilia viti kadhaa mpaka mafundi wamalize kupanga jukwaa na kuhakikisha hakuna kinachoziba macho, kisha huviachia wiki ileile ya onyesho. Chungulia tovuti ya ukumbi asubuhi na jioni wiki hiyo.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inamlazimisha muuzaji wa tiketi aoneshe bei kamili, pamoja na ada, tangu mwanzo. Bei ikipanda ukiwa umeshafika kwenye malipo, ondoka. Ila kanuni hiyo haimzuii mlanguzi kupanga bei kubwa apendavyo, kwa hiyo bei kuwa wazi haina maana kwamba ni ya haki. Lipa kwa kadi ya mkopo, maana mambo yakiharibika una siku 60 tangu utumiwe taarifa ya kadi yenye malipo hayo kuyapinga kwa maandishi.

Huyo wa miaka mitatu: onyesho linapendekezwa kwa watoto wa kuanzia miaka 6, lina saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, na pale nyumbu wanapotimua mbio ngoma zinatikisa kifua. Kumbi nyingi zinadai tiketi hata kwa mtoto wa kupakatwa, na nyingine zinaweka umri wa chini. Soma masharti ya ukumbi kabla ya kulipia kiti chake.

Chukua viti vya ghorofa ya chini kando ya njia ya kupita watu, kwa sababu wanyama wa ufunguzi, yaani waigizaji waliovaa maumbo ya wanyama, hupita humohumo katikati ya watu, tembo akiwemo. Kwa sababu hiyohiyo anayechelewa huzuiwa nje mpaka wamalize kupita, na mtakuwa mmekosa kipande kizuri kuliko vyote. Kama ni saa moja na nusu usiku, saa moja muwe mmekaa.

Funga huo ukurasa sasa hivi, halafu weka hapa tarehe tatu zinazowafaa tuitazame ramani ya viti pamoja.