Dogo wa hosteli Ng'ong'ona, kabla hujachoma hiyo sindano

Mkuu, umeuliza kama miaka 19 ni mapema kuchoma sindano za kujaza mwili, maana mwenzako chumbani kavimba kifua ndani ya miezi miwili. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nilianzia vyuma vya uani pale Chang'ombe, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati. Miaka miwili mwili unakuja kwa kusuasua kama uwele uliokosa mvua. Jamaa akanionyesha kichupa: "Vitamini tu hii." Kumbe nandroloni, steroidi ya kujenga misuli inayofanya kazi kama homoni ya kiume. Sikatai, inafanya kazi. Wiki ya sita mashati yananibana, mtaani naitwa baunsa. Wengi husimulia wakaishia hapo.

Chunusi zikajaa mgongoni mpaka kulala chali nikashindwa. Nyuma ya chuchu kikaota kigololi, kinauma hata nikivaa fulana. Sindano yenyewe tulichangia (ujinga huo!), siku ya kupima VVU na homa ya ini nilitetemeka.

Ila kilichonitia adabu ni baada ya kuacha. Daktari alinieleza hivi: ubongo ukikuta homoni ya kiume imejaa damuni, unaacha kuziagiza korodani zitengeneze, nazo zinasinyaa. Ukiacha dawa, kiwanda hakiwaki siku hiyo hiyo. Changu kilichukua karibu mwaka. Hamu sina, usiku silali, mke niliyemuoa juzijuzi anahisi nina mchepuko. Mbegu zilipopimwa, karibu hakuna. Na kifua chenyewe kikashuka!

Mdogo wako wa kidato cha pili asiguse kabisa. Umri ule dawa hizi hufunga mifupa mapema, urefu ukagota hapo.

Mdau wa juu anayetaka kutupa dawa yake ya pumu ya kuvuta kwa kuwa ni steroidi: usitupe! Hiyo ni jamii nyingine ya steroidi, haijengi msuli. Deksamethasoni wanayomeza dada zetu wapate mashavu ni ya jamii hiyo hiyo ya pumu, ila ikimezwa kiholela inajaza uso huku inakula misuli na mifupa.

Siku hizi nina mayai, karanga, na Jumamosi nyama ya mnadani Msalato. Kifua cha wastani tu. Mwenzako kama chuchu imeanza kumuuma, aende akapimwe homoni, na hicho kichupa akibebe amwonyeshe daktari. Mimi nilificha, nikapoteza miezi minne natibiwa vidonda vya tumbo.